Kinachokula umeme kikiwa kimezimwa

Ukiuliza namna ya kupunguza matumizi ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, jibu la kwanza utakalopewa karibu kila mahali ni hili: chomoa chaja ya simu usipoitumia. Ushauri huo ni rahisi kuukumbuka, haugharimu kitu, na faida yake ni ndogo mno. Chaja nzuri ya kisasa iliyobaki ukutani bila simu hula kama sehemu moja ya kumi ya wati. Iache hapo mwaka mzima, usiku na mchana, na haitafikisha uniti moja. David MacKay, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliipiga hesabu hiyo katika kitabu chake cha 2008 kuhusu nishati, tena kwa chaja za wakati ule zilizokula zaidi ya hizi, akaona kwamba nishati unayookoa kwa kuichomoa chaja siku nzima huishia katika sekunde moja ya kuendesha gari. Ubaya wa ushauri huu ni kwamba mtu akishachomoa chaja hujiona ametimiza wajibu, ilhali pale pale chini ya meza ya runinga kipo kisanduku chenye uvuguvugu kinachokula mara themanini ya chaja hiyo, na hakuna anayekitazama. Kwa hiyo nakuomba ugeuze mpangilio: anza na vinavyokula kweli, vipime, vipange, na chaja iwe ya mwisho ukibaki na nguvu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno kuzima. Runinga uliyoizima kwa rimoti haijazimika. Sehemu yake ndogo imebaki macho kama mlinzi wa getini, ikingoja ubonyeze tena. Sabufa nyingi za bei nafuu zina swichi ya mbele inayokata sauti na taa tu, huku transfoma iliyo ndani ikiendelea kuunganishwa na umeme wa ukutani. King'amuzi ukikizima kwa rimoti mara nyingi huzima picha peke yake: ndani kinaendelea kupokea mawimbi, kutunza ratiba ya vipindi na kusubiri masasisho ya programu, na vingine hula karibu sawa na vinavyokula ukiwa unatazama mpira. Maikrowevu hutunza saa ambayo pengine hakuna mtu nyumbani anayeiangalia. Dispensa ya maji ndiyo iliyo wazi kuliko zote, maana hiyo haingoji chochote. Inapasha na kupoza maji saa nane za usiku kwa ajili ya kikombe kitakachonywewa asubuhi. Wapo wanaosema, tena kwa haki, kwamba ile taa ndogo nyekundu haiwezi kula umeme wa maana. Haiwezi. Lakini taa ni ishara tu kwamba nyuma yake kuna saketi iliyo hai, na saketi hiyo ndiyo inayokula. Vipo pia vifaa vinavyokula bila kuwasha taa yoyote.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana ukishika hesabu moja. Wati moja isiyozimwa hufanya uniti 0.73 kwa mwezi na 8.76 kwa mwaka. Tuseme nyumba ina king'amuzi cha wati 8 kinachokaa bila kutazamwa saa 19 kwa siku, sabufa ya wati 6 inayokaa kimya saa 20, na maikrowevu ya wati 3 yenye saa yake. Vitatu hivyo, bila kumfaidia mtu yeyote, vinakula uniti kumi na kidogo kila mwezi. Ongeza dispensa yenye maji ya moto na baridi, ambayo kwa kawaida hula uniti moja hivi kwa siku hata watu wasipokunywa sana, na umefika uniti 40. Msomaji atasema hizo ni fedha ndogo. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, mwaka 2016, mteja wa kawaida wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti, na ukiweka VAT na tozo za umeme vijijini (REA) na EWURA inakuwa kama 356. Uniti kumi ni shilingi 3,500 na kitu kwa mwezi. Sitajifanya kwamba hizo zitamtajirisha mtu.

Ila hesabu hiyo inaacha nje jambo kubwa kuliko yote, nalo ni jinsi bei zenyewe zilivyopangwa. Katika ratiba hiyo hiyo, kaya ya kundi la D1, yaani ya matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayovuka hapo ni shilingi 350. Uniti ya 76 ina bei mara tatu na nusu ya uniti ya 75. Na umeme wa vifaa vilivyolala, kwa kuwa upo kila saa, unachukua nafasi ndani ya zile 75 za bei nafuu na kuzisukuma pasi, taa na jokofu kwenda kwenye uniti za bei kali. Kaya inayotumia uniti 83, ikiwa kumi kati yake ni za king'amuzi na wenzake, inaweza kurudi chini ya mstari bila kupunguza hata saa moja ya taa. Kwa Kenya mstari uko chini zaidi: tangu bei zilipopitiwa mwaka 2023, kundi la chini kabisa la nyumbani huishia uniti 30 kwa mwezi, na hapo uniti kumi zinazopotea bure ni theluthi nzima ya haki yako. Kwa hiyo ukitaka kujua kama jambo hili linakuhusu, angalia kwanza uko karibu na mstari kiasi gani. Aliye katikati ya uniti 300 kwa sababu ya viyoyozi, ahangaike kwanza na viyoyozi.

Sasa kutafuta. Kifaa cha kwanza cha kupimia unacho mkononi, nao ni mkono wenyewe. Umeme unaoingia kwenye chombo kisichofanya kazi hauna pa kwenda isipokuwa kugeuka joto. Basi asubuhi kabla hujawasha chochote, pita ukigusa: mgongo wa king'amuzi, adapta za ukutani, upande wa sabufa, stebilaiza ya jokofu, sehemu ya juu ya rauta. Chenye ubaridi wa chumba kinakula kidogo sana, pengine kisichofaa kuhangaikiwa. Chenye uvuguvugu kimekula usiku kucha. Kile chenye joto la kushangaza, mathalani adapta nzito ya zamani isiyochaji kitu, kiwekee alama. Sikio nalo lina kazi yake: transfoma inayovuma taratibu iko kazini, hata kama swichi ya mbele inaonyesha imezimwa.

Mkono hauhesabu, lakini mita inahesabu, na kwenye mita nyingi za LUKU ipo taa ndogo inayopepesa kila inapopita nishati kiasi fulani. Kiasi hicho kimeandikwa usoni mwa mita, kwa mfano 1000 imp/kWh, maana yake ikipepesa mara elfu moja umetumia uniti moja. Fanya hivi mchana: zima taa zote, zima jokofu ukutani kwa robo saa bila kulifungua mlango, na acha vifaa vingine jinsi unavyoviacha siku zote unapotoka. Kisha hesabu sekunde kati ya pepesi moja na nyingine. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde ulizohesabu na utapata wati. Zikiwa sekunde 90, nyumba yako inakula wati 40 ikiwa imelala. Zima kifaa kimoja kimoja ukutani na uhesabu upya. Tofauti ndiyo ya kifaa hicho. Mita ikiwa ya 1600, gawanya 2,250 badala ya 3,600. Kama mita yako iko juu ya nguzo na huioni vizuri, andika uniti zilizobaki kabla ya kulala na uzisome tena alfajiri, usiku mmoja vifaa vikiwa kama kawaida na usiku wa pili vikiwa vimezimwa ukutani. Jokofu litaingia katika hesabu zote mbili, kwa hiyo tofauti bado itakuwa ya kweli kwa kukadiria. Angalizo moja: mzigo ukiwa mdogo mno, wati mbili tatu kwa nyumba nzima, mita inaweza isiuhesabu. Nyumba ya namna hiyo haina tatizo la kutatua.

Ukishapima, utakuta kwamba orodha ya wahalifu ni fupi, na kwamba waliopo juu ni wale wanaotunza joto. Dispensa ya maji ina swichi mgongoni, mara nyingi nyekundu kwa maji ya moto na ya kijani kwa maji ya baridi. Zima ya moto na uchemshe maji kwa birika unapotaka chai, kisha uyaweke kwenye chupa ya chai, chombo ambacho hakijawahi kula umeme. Hita ya maji yenye tangi ni ndugu yake: hata isipooga mtu, joto huvuja kwenye kuta za tangi, na hita hulirudisha mara kwa mara. Iwashe nusu saa au saa moja kabla ya kuoga na uizime. Ile ndogo ya bafuni inayopasha maji yanapopita haina ugonjwa huu, ingawa inapowaka inakula sana. Baada ya hao ndipo zinakuja meza ya runinga na vifaa vyake, kisha stebilaiza na UPS, ambazo hula kwa kuwepo tu. Hizi mbili za mwisho zina kazi ya kulinda, na sikushauri kuondoa stebilaiza ya jokofu mahali ambapo umeme hupanda na kushuka. Lakini UPS inayolinda kompyuta inayotumika Jumamosi tu haina sababu ya kuwa hai wiki nzima. Ichaji na uizime.

Kosa linaloua mipango ya namna hii ni kuutegemea moyo wa kujituma. Mtu huazimia kuchomoa plagi saba kila usiku, hufanya hivyo wiki moja, halafu huacha. Hapa nyumba zetu zina bahati ambayo hatuithamini. Soketi zetu za pini tatu bapa zinafuata kiwango cha Uingereza, BS 1363, kilichoanza mwaka 1947, na nyingi kati ya hizo zina swichi yake ukutani. Huhitaji kuchomoa chochote; unabonyeza. Nchi nyingi za bara la Ulaya, na Marekani pia, soketi za kawaida hazina swichi, ndiyo maana watu huko hununua vifaa vya ziada ili wafanye jambo ambalo wewe unalifanya kwa kidole kimoja. Kusanya runinga, king'amuzi na sabufa kwenye ekstensheni moja nzuri, na ekstensheni hiyo uichomeke kwenye soketi ambayo mkono unaifikia bila kusogeza kabati. Swichi ikiwa nyuma ya kabati, mpango umekufa kabla haujaanza. Rauta iweke kwingine, maana watoto wakizima runinga hawatataka kuzima na intaneti. Na kwenye ekstensheni hiyo usichomeke pasi, birika wala jokofu; ekstensheni za bei rahisi haziwezi mzigo huo, na shida itakayotokea ni kubwa kuliko LUKU.

Kuna wanaopinga kwa hoja ya kuharibu: kwamba kuzima na kuwasha kila siku kunaua vifaa. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa sababu ina ukweli kwa vifaa vichache. Printa ya wino izimwe kwanza kwa kitufe chake, ili ifunike vichwa vyake, ndipo ukate ukutani. Na ukiikatia umeme kila siku, baadhi hutumia wino kujisafisha kila zinapowaka. Runinga za OLED hufanya matengenezo ya kioo zikiwa zimelala baada ya kutazamwa muda mrefu, kwa hiyo usizikatie umeme dakika ile ile uliyomaliza filamu. King'amuzi kilichozimwa ukutani huchukua dakika kadhaa kurudi, na kikizimwa miezi mfululizo kinaweza kukosa masasisho. Kwa vingine vyote, yaani sabufa, maikrowevu, runinga ya kawaida, adapta, swichi ya ukutani haiviumizi. Tena hapa kwetu hoja inageuka: kinachoua vifaa vingi ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, pamoja na radi za masika. Swichi iliyozimwa inasaidia dhidi ya ule mshtuko wa kurudi; dhidi ya radi chomoa kabisa, na waya wa antena pia.

Hoja nyingine ni kwamba vifaa vipya vimeshatatua jambo hili vyenyewe. Kwa sehemu ni kweli, na inafaa kujua kwa nini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Alan Meier wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, alipendekeza kwamba kifaa chochote kilicholala kisizidi wati moja, na Shirika la Kimataifa la Nishati likaichukua hoja hiyo mwaka 1999. Mwaka 2001 Rais George W. Bush alitia saini amri ya kuzitaka ofisi za serikali ya Marekani kununua vifaa vya kiwango hicho. Umoja wa Ulaya ukakifanya kiwango hicho kuwa sheria: wati moja kuanzia 2010, nusu wati kuanzia 2013, na nyongeza kidogo kwa vifaa vinavyoonyesha saa au maandishi. Kwa mnunuzi wa vifaa vya mitumba tarehe hizo ni chombo cha kazi. Geuza runinga iliyotoka Ulaya, soma kibandiko cha mgongoni: iliyotengenezwa baada ya 2013 ina uwezekano mkubwa wa kulala kwa nusu wati, na ile ya kioo kinene cha zamani inaweza kula mara kumi ya hapo. Kwenye adapta tafuta namba ndogo ya Kirumi. VI ndiyo bora kati ya zile utakazozikuta kwa wingi, V inafaa, na adapta nzito isiyo na namba yoyote hiyo ni transfoma ya kizamani, ya kuzimwa ukutani kila mara.

Lakini upya nao umeleta njia zake za kula. Runinga za kisasa zenye intaneti huwa na mpangilio wa kuwaka haraka, unaoiacha runinga nusu macho ili ikuokolee sekunde chache, na kwa baadhi yake mpangilio huo hupandisha matumizi ya kulala kutoka nusu wati hadi wati kumi au zaidi. Ingia kwenye mipangilio uuzime. Spika ya Bluetooth, kamera, taa za kuamrishwa kwa simu: kimoja kimoja ni wati moja au mbili, na kila kimoja kimetengenezwa kwa nia ya kutozimwa kamwe. Swali la kuuliza dukani ni moja tu, nalo ni kama kifaa kina swichi inayokikata kabisa.

Kwa anayeishi na sola, yote niliyosema yanazidi uzito. Aliye kwenye gridi hupoteza fedha kidogo kidogo. Wa sola hupoteza usiku wenyewe. Chukua betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100. Ina nishati ya wati-saa 1,200, na ukitaka iishi miaka, usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Inveta iliyoachwa imewashwa bila mzigo inaweza kula wati 15, na kwa siku nzima hizo ni wati-saa 360. Zaidi ya nusu ya akiba yako imeliwa na kisanduku kinachosubiri kazi, halafu fundi analaumiwa kwamba amekuuzia betri bovu. Zima inveta kila unapomaliza runinga. Taa na chaja za simu ziunganishwe moja kwa moja kwenye upande wa volti 12 ili inveta isihitajike kabisa usiku, na kama inveta ina hali ya kulala inayojiwasha yenyewe inapohisi mzigo, itumie.

Naikubali hoja moja bila kupigana nayo: kwamba kwa taifa jambo hili si kubwa. Kaya milioni moja zikipunguza wati kumi kila moja, ni megawati 10. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Megawati 10 hazifiki hata sehemu ya ishirini ya mtambo mmoja. Anayekuambia kwamba taa nyekundu ya runinga yako ndiyo inayoleta mgao wa umeme, anakuchosha bure. Faida ya kazi hii inabaki nyumbani kwako, na inategemea bei unayolipa.

Panapobakia ugomvi ni kwenye nyumba za wapangaji wanaochangia LUKU moja. Desturi ni kugawana sawa kwa vyumba, na mara nyingi anayelalamikiwa ni mwenye pasi au mwenye watoto wanaowasha taa, kwa sababu hao wanaonekana. Hesabu ya pepesi ingewashangaza wengi: pasi ya wati 1,000 ikinyosha saa mbili kwa wiki haifikishi uniti tisa kwa mwezi, tena hukata na kuwaka yenyewe njiani, wakati dispensa ya jirani mkimya aliyesafiri imekula uniti 30. Kaeni Jumapili moja mchana mbele ya mita, kila chumba kizime vyake ukutani kwa zamu huku mmoja anahesabu sekunde na mwingine anaandika. Kisha gawaneni sehemu ya vifaa visivyolala kwa wenye navyo, na iliyobaki ndiyo muigawe sawa. Anayesafiri azime chumba chake ukutani na aache uniti zilizosomwa siku hiyo zimeandikwa mahali ambapo wote wanaziona.